Mgeni wa Beda

Jumamosi, 4 Januari

Safari ya 42. Mimi na Beda tumeondoka Lizaboni, Songea, saa kumi na dakika kumi alfajiri, tumefika Jiwe Refu saa moja na nusu. Kilomita 185 kwa mita ya pikapu yangu: 166 za lami mpaka Mbamba Bay, 19 za kokoto kandokando ya ziwa. Samaki: vituwi wadogo kumi na mmoja, magege wawili. Vituwi saba ni wangu. Nimeegesha pikapu kwenye kivuli cha chanja za kukaushia usipa, dagaa wa huku, wanawake wawili wakaguna, sijui kwa nini.

Kwa miaka sita nimeandika hivyo tu, mistari mitatu kwa safari, nafunga daftari. Msimu huu nitaandika zaidi, maana leo tukinywa chai Mbinga rafiki yangu Beda, dereva mstaafu, ameniambia anahama na mkewe Devota.

"Devota amehamishiwa Singida," amesema. "Barua imetoka. Tunaondoka katikati ya Mei."

"Singida kuna ziwa," nikamwambia.

"La chumvi. Nitavua chumvi, nikutumie."

Amecheka peke yake. Mimi nilikuwa napiga hesabu.

Jiwe Refu ni mwamba unaoingia Ziwa Nyasa hatua thelathini na mbili, pembeni ya mdomo wa mto mdogo. Mvua zikinyesha, mbasa, samaki wakubwa wa ziwa hili, husogea pale kutafuta njia ya kupanda mtoni, na mtu aliyesimama juu ya jiwe anaweza kuwafikia kwa mshipi bila kuingia kwenye mtumbwi. Ila jiwe lina mwenyewe. Ni la Mama Justa, mkausha samaki, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Watu saba tu wana pahali pao pale. Beda ni mmoja wao kwa sababu alizaliwa nyumba ya tatu kutoka majini. Mimi ni Mngoni wa Maposeni, nimejifunza kuvua nikiwa na miaka arobaini na minane, nasimama pale kama mgeni wa Beda. Mgeni husimama begani mwa jiwe, hasogei puani, kwenye ncha inayoingia majini. Mgeni akipata samaki anayezidi mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kichwa ni cha mwenyeji. Na mwenyeji akihama, mgeni naye amehama. Pahali pa Beda patakwenda kwa Getruda, binti wa dada yake.

Njia ya kupata pahali pako ni moja. Utoe mbasa majini kwa mkono wako, mtu mwingine asiguse mshipi wala samaki, halafu upeleke kichwa kwa Mama Justa na kutaja jina lako.

Mimi nilianza kwa kuziba pancha Msamala na pampu ya kuazima. Leo nina karakana ya mageti na madirisha, mashine tatu za kuchomelea, mafundi wanne. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Lakini nikifika Jiwe Refu hata watoto wanasema, "Mgeni wa Beda amekuja." Safari arobaini na mbili. Hawajui kama nina jina.

Hadi Beda aondoke zimebaki Jumamosi kumi na nane. Tunakwenda moja, tunaruka moja. Safari tisa, mvua ikiruhusu. Zinatosha.

Jumapili, 5 Januari

Misa ya kwanza. Mgongo unauma.

Ijumaa, 10 Januari

Maposeni na Lidwina, kuweka mbolea kwenye mahindi. Mvua siku tisa mfululizo. Mahindi yamenifika kifuani. Nimemwambia mke wangu habari ya Beda kuhama na habari ya pahali pangu kwenye jiwe.

"Baba Raphael," amesema, "una nyumba, una karakana, una shamba. Sasa unataka na jiwe."

Ameendelea na mstari wake, mimi wangu.

Jumamosi, 18 Januari

Safari ya 43. Saa nne na dakika ishirini nimenasa mbasa. Nimemjua palepale, kituwi hutetema, mbasa anavuta kama mtu aliyeitwa na mkewe. Nimemchosha dakika kumi na mbili. Nimemleta mpaka chini ya bega la jiwe, ubavu wake unang'aa kama bati jipya, zimebaki hatua mbili. Beda akatelemka mbio, akaingia maji ya kiunoni, akamshika kwenye matamvua na kumtupa juu.

"Nani amekuita?" nikamuuliza.

"Mshipi ulikuwa unakatika. Tazama."

Nimetazama. Ulikuwa umechubuka kweli, sehemu ya urefu wa kidole. Nikamwambia, "Ungeuacha ukatike."

"Mbasa wa kilo tatu nimwache aende zake kwa ajili ya maneno?"

"Kwa ajili ya pahali pangu."

Beda akakata kichwa, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nacho nyuma ya nyumba kama kawaida yake. Amerudi mikono mitupu.

Hicho ni kichwa cha tisa. Ninavyo vyote kwenye daftari, na tarehe zake. Samaki tisa wakubwa katika miaka sita, wote wangu, kila mmoja Beda ametia mkono, na vichwa vyote vimekwenda nyuma ya nyumba. Beda akipata samaki wake mkubwa tunapika kichwa palepale ufukweni na kula wote. Changu kinapelekwa kwa ndugu zake. Nadhani wanakunywa supu na kunicheka.

Njia nzima ya kurudi tumezungumzia bei ya mahindi.

Alhamisi, 23 Januari

Nimekata mipini ya vijiko vya chai kumi na viwili, nikatoboa, nikang'arisha kwa mashine, viwe chambo. Ndani ya maji kijiko kinacheza kama usipa aliyeumia. Mafundi wangu wamecheka kwamba mzee ameanza kulisha samaki kwa kijiko. Wacheke.

Jumamosi, 1 Februari

Hatukwenda. Kifusi kimeshuka barabarani baada ya Mbinga. Safari moja imekufa.

Jumamosi, 15 Februari

Safari ya 44. Mimi vituwi wanne. Getruda mbasa wawili.

Huyu Getruda ana miaka kama thelathini, anauza usipa mpaka Mbinga, na anavua kwa mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya maji. Mimi nina fimbo niliyoagiza Dar es Salaam. Alikuwa puani kwa ruhusa ya mjomba wake, mimi begani, kati yetu hatua sita.

"Fundi," akaniita, "hivyo vijiko vyako, chai yenyewe umeiacha wapi?"

"Subiri. Utaona."

"Nasubiri. Ila mbasa hawajui kusubiri. Hawa wawili wamekuja kwangu wanalalamika kule kuna mtu anawarushia vyombo."

Beda amecheka mpaka amekaa chini. Nami nimecheka kidogo, lakini nimehesabu: Getruda alirusha mara 58, mimi mara 131. Shida yangu haiko mkononi. Begani maji yana kina cha mita moja na robo, puani yana sita. Nilipo ndipo penye shida.

Alhamisi, 20 Februari

Nimepata jibu. Mgeni hasimami puani. Hakuna aliyesema fimbo ya mgeni isisimame. Nimechomelea kishikio cha nondo ya milimita kumi na mbili, kina miguu miwili ya kuchomeka kwenye ufa wa jiwe na mdomo wa kubana fimbo. Fimbo itakaa puani, mimi nitakaa begani na mshipi mkononi. Kina uzito wa kilo mbili na nusu. Kazi safi.

Jumamosi, 1 Machi

Safari ya 45. Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Tulifika mapema, saa moja kasoro, watu bado wako majumbani. Beda alikwenda kumwamkia dada yake. Mimi nikachukua kishikio na nyundo ya kilo moja, nikaenda puani. Ufa niliupima kwa macho tangu mwaka jana. Miguu ya kishikio iliingia nusu, ikagoma. Nikagonga mara moja. Ya pili. Ya tatu ikasogea kidogo. Ya nne jiwe likatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye chuma chochote, na kipande kikubwa kama meza ya cherehani kikameguka, kikateleza, kikaingia majini pamoja na kishikio changu. Maji yalirukia mpaka kifuani kwangu.

Kipande chenyewe ndicho kilichokuwa kikalio. Kila mwenye pahali hukaa hapo akichoka. Marehemu mume wa Mama Justa alikuwa akikaa hapo kila jioni, Beda alishaniambia.

Beda amefika mbio, bado ana kipande cha muhogo mkononi. Ametazama pale palipokuwa na kikalio, akanitazama mimi, akainama na kuchukua nyundo mkononi mwangu. Mama Justa akaja nyuma yake na kitambaa cha kushikia vyungu begani, na wanawake wawili, na Getruda.

"Shikamoo mama," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na salamu.

"Marahaba." Hakunitazama. "Nani amegonga chuma kwenye jiwe?"

"Nimegonga mimi," Beda akajibu.

"Wewe?"

"Mimi."

Mama Justa akaitazama nyundo. Kwenye mpini wa chuma ina herufi P.K., nimezichomelea mwenyewe, mafundi wasiniibie. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Miaka hamsini na minane," akasema, "umezaliwa hapa, hujui kwamba jiwe hili haligongwi chuma?"

"Najua, mama."

"Basi hutasimama juu yake tena mpaka uniletee kichwa cha mbasa cha kulifunga jiwe jeraha. Na wewe kutupa mshipi huruhusiwi. Sijui utakipata wapi. Mgeni wako anaweza kusimama begani. Yeye hana neno."

Yeye hana neno. Nilikuwa nimesimama palepale, mdomo ninao. Kama angeniuliza mimi ningesema. Hakuniuliza.

Kwenye gari nimemwambia Beda, "Hukuwa na haja."

"Ndivyo ilivyo kule," amejibu. Halafu akalala, au akajifanya amelala, mpaka Lizaboni.

Jumapili, 2 Machi

Lidwina ameuliza tumepata nini. Nimesema hakuna.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa. Foleni ilikuwa ndefu, nikahesabu watu 214 mbele yangu ili nisifikiri mambo mengine.

Jumamosi, 15 Machi

Safari ya 46. Nilidhani Beda hatakuja. Saa kumi na dakika tano alikuwa amesimama barabarani na kofia yake.

Amekaa mchangani siku nzima. Mwenyeji aliyefungiwa hagusi mshipi, hagusi jiwe, hagusi samaki wa mgeni wake. Amekaa na mikono kati ya magoti kama mtu anayesubiri matokeo hospitalini. Watu wakipita wanamsalimia kwa sauti ya chini.

Naandika ukweli: saa tatu nimenasa mbasa, na nilichosikia ni furaha. Nilijiambia, leo hakuna wa kuingilia. Beda alisimama. Alikunja suruali mpaka magotini, halafu akaikunjua. Nilimleta mbasa mpaka hatua nne, akaruka, akatema kijiko, akaenda.

"Ulimpa kamba nyingi mno alipogeuka," Beda akasema kutoka mchangani.

"Nyamaza," nikamwambia.

Alikuwa amesema kweli. Nilimpa mita tatu zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya mawe Msamala. Mteja amelalamika geti halifungi. Linafunga, nguzo yake ndiyo imepinda.

Jumamosi, 29 Machi

Safari ya 47. Vituwi sita.

Mchana upepo wa mwera umevuma, mawimbi yamepanda juu ya bega, nikashuka. Beda alikuwa amekwenda kumsaidia dada yake kuezeka. Getruda alikuwa anaanua usipa, nikashika upande wa pili wa turubai. Nikamwambia kile kilichokuwa kimenikaa kooni.

"Mjomba wako amekula vichwa vyangu tisa. Sasa amefungiwa, na bado sina hata kimoja."

Akaacha kukunja turubai.

"Amekula?"

"Au nyinyi mmekula. Nyuma ya nyumba."

"Fundi, unajua kichwa ni cha nini huku?"

"Cha mwenyeji."

"Na mwenyeji anakifanyia nini, umewahi kuuliza?"

Sikuwahi kuuliza. Akaketi juu ya ndoo, akaanza kuhesabu kwa vidole, na mimi mtu wa hesabu nikasimama namsikiliza.

"Mgeni akikosea, mwenyeji wake anapeleka kichwa kwa aliyekosewa. Mwanzo kabisa ulikuja na gari ukapita juu ya usipa wa mama yangu. Madebe mawili. Kichwa. Ukakata wavu wa mzee Aloyce kwa kisu kwa sababu ndoano yako ilikuwa imenasa. Kichwa. Ukaosha gari mtoni, juu ya pale wanawake wanapochota maji, mafuta yakateremka na maji. Hapo ilikuwa kichwa, na mjomba alipiga magoti. Ukaleta wale rafiki zako wa Songea na redio, kwenye matanga ya kwa Longino."

"Sikujua kuna matanga."

"Hukuuliza. Mwezi wa kwanza umeegesha gari chini ya chanja, moshi wote kwenye usipa. Mama Justa akautupa nusu. Kichwa cha yule mbasa wako uliyemnunia mjomba kimekwenda pale."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Aseme nini? Kwamba rafiki yake ni kero?" Akainuka. "Mimi ningekwambia. Safari ya kwanza tu ningekwambia, ukarudi kwenu Maposeni ukavue panya."

Kisha akanipa ncha ya turubai nikunje.

Jumapili, 30 Machi

Nimetoa madaftari yote matatu. Yote ninayo humu, kwa mwandiko wangu.

Safari ya 2: "Nimeegesha karibu na maji, wanawake wamepiga kelele, Beda amewatuliza." Safari ya 9: "Ndoano imenasa kwenye wavu uliochoka, nimekata." Safari ya 17: "Gari limeoshwa, safi." Nimeweka vidole vyangu kwenye vichwa tisa, na kwa saba nimepata siku yenyewe. Viwili sikuviona. Maana yake kuna mambo mawili niliyofanya ambayo hata mimi sikuyaona kuwa ni jambo la kuandika.

Na hili hapa, safari ya 3, pembeni, kwa penseli: "Beda anasema nisigonge chuma kwenye jiwe. Imani zao."

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwambia Lidwina yote. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe ulisimama hapo hapo." Akaendelea kuchambua.

Jumamosi, 12 Aprili

Safari ya 48. Kabla ya kushusha fimbo nimekwenda kwa Mama Justa peke yangu. Gari nimeliacha hatua sitini kutoka kwenye chanja.

"Mama, jiwe niligonga mimi."

"Kaa," akasema. Akaendelea kugeuza samaki kwenye moto. "Unadhani sijui kusoma? P.K. ndiyo Beda?"

"Sasa kwa nini umemfungia?"

"Kwa sababu mgeni hafungiwi. Mgeni ni kama mkono wa mwenyeji. Mkono ukivunja chungu, unauliza mkono?" Akanipulizia moshi usoni, sijui kama kwa makusudi. "Nilisikia ule mlio nikiwa na kijiko cha uji mdomoni. Nikasema, huyo ni Mngoni wa Beda, amekuja kutuchomelea jiwe."

"Nitalipaje?"

"Nilichomwambia Beda. Kichwa. Na si cha kununua sokoni, maana najua una hela."

Nimevua mpaka saa kumi jioni. Mvua tangu saa sita. Nimerusha mara 167. Hakuna kitu. Beda alikaa mchangani chini ya turubai la Getruda, na mvua ilipozidi akaniita nishuke nisije nikateleza. Nimemwambia kwenye gari kwamba najua habari ya vichwa.

"Getruda ana mdomo," alisema.

"Ungenifukuza tangu safari ya pili."

"Nilifikiria. Safari ya tisa nilifikiria sana." Akafuta kioo kwa kiganja. "Ila dereva mstaafu akikaa peke yake Lizaboni, anageuka kuwa mlinzi wa nyumba ya mkewe. Wewe ulikuja na gari kila Jumamosi ya pili ya msimu saa kumi na dakika kumi. Hujawahi kuchelewa hata dakika tano. Nikasema, huyu nitambeba hivyo hivyo."

Nilikuwa na gia ya kubadilisha.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Raphael amekuja kutoka chuo. Tumechinja kuku watatu.

Jumamosi, 26 Aprili

Safari ya 49. Magege mmoja. Maji ya mto yameanza kupungua. Kijiti nilichochomeka safari iliyopita kinaonyesha yameshuka sentimita 22. Mbasa wakishapanda, wamepanda. Mzee Aloyce, yule wa wavu, amesema wamebaki wachache wanaochelewa. Nimemwambia pole kwa wavu wake. Amesema, "Wavu upi?" Halafu akacheka, "Ah. Nilikula kichwa, tukamaliza."

Imebaki safari moja.

Jumamosi, 10 Mei

Safari ya 50. Ya mwisho na Beda. Devota amemfungashia chakula cha watu wanne.

Saa moja hadi saa tano, hakuna kitu. Mara 74. Ziwa limetulia, linang'aa, siku mbaya ya kuvua. Saa tano na robo nimetoa kijiko, nimefunga kile kidogo kabisa, nilichokifuta kwa mchanga mpaka kikapoteza mng'ao. Sikukirusha mbali. Nimekiacha kizame penye kina, chini ya lile pengo nililolivunja mwenyewe, maana kipande kile kimelala huko chini sasa, na palipo na jiwe pana usipa, na palipo na usipa patakuja mkubwa. Kutoka begani kinafikika kwa pembeni.

Mbasa amekula mara ya kwanza. Amekwenda na mita arobaini bila kusimama. Nikasikia mchanga nyuma yangu, Beda amesimama. Nikasikia na watu wengine.

Amegeuka. Sikumpa hata nusu mita. Nimemrudisha, akaenda, nimemrudisha. Dakika ya kumi na tisa nimemwona, mkubwa kuliko yule wa Januari, na ndoano imeshika ngozi nyembamba tu ya mdomo. Hatua tatu. Hapo ndipo Beda angetelemka. Nilimtazama. Alikuwa ukingoni mwa maji, mikono ameifunga nyuma, ameshika mkono wake mwenyewe kama anayezuia mbuzi.

"Usimnyanyue," akasema polepole. "Ingia wewe."

Mimi sijui kuogelea. Anajua kwamba sijui. Nimekaa chini kwenye bega la jiwe, nikatelemka kwa makalio, maji yakanifika kifuani, vidole vya miguu vinatafuta mchanga. Fimbo nimeiinua kwa kushoto. Mkono wa kulia nimeupitisha chini ya tumbo lake mpaka kwenye matamvua, nikafunga vidole. Alinipiga na mkia kwenye shavu. Sikuachia. Nimetoka majini natambaa kwa magoti, samaki kifuani.

Hakuna aliyemgusa. Sentimita 66. Kilo tatu na robo.

Getruda akasema, "Kumbe kinavua, kijiko."

Nimekata kichwa mwenyewe, nimekipeleka kwa Mama Justa kwenye sinia. Beda alibaki mchangani kwa sababu haruhusiwi kuja na mimi. Mama Justa ameosha mikono, amekaa kwenye kigoda, watu wamezunguka.

"Kichwa ni kimoja, fundi," akasema. "Kinasema jambo moja. Kinataja pahali pako kwenye jiwe, au kinalifunga jiwe. Viwili hapana."

Nilijua tangu Aprili kwamba atasema hivyo. Hesabu nilikuwa nimeipiga mara nyingi usiku na mchana, na kila nikiipiga nilitafuta njia itoke vingine. Beda anaondoka Jumatano. Mwezi wa mbasa umekwisha. Nikichukua pahali, Beda anaondoka alikozaliwa kama mtu aliyevunja jiwe. Nikifunga jiwe, naondoka nilivyokuja, na sasa bila hata mwenyeji.

"Funga jiwe," nikasema.

"Nani aliligonga?"

"Mimi."

"Mimi ni nani?"

"Polikarp Komba. Wa Maposeni."

Kwa miaka sita nilitaka jina hilo lisikike pale. Limesikika. Watu wamelisikia vizuri, mama mmoja amelirudia kwa jirani yake asiyesikia.

Mama Justa amepokea sinia. "Mwambieni Beda apande," akasema.

Amepanda. Alitembea hatua zote thelathini na mbili mpaka puani, akasimama kando ya pengo. Nikampa fimbo yangu, akaikataa, Getruda akampa chupa yenye mshipi. Alivua kwa saa moja kamili. Alipata kituwi mmoja, mdogo kama kidole gumba. Akambusu, akamrudisha majini.

Jumatano, 14 Mei

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, stendi. Devota alikuwa ameketi tayari, na mabegi manne. Beda alishuka tena, akanipa kofia yake.

"Kule hakuna jua?" nikamuuliza.

"Lipo. Ila hii inajua njia ya Mbamba Bay."

Basi limeondoka saa kumi na mbili na dakika kumi na saba.

Jumamosi, 17 Mei

Karakana. Madirisha manane. Nimewaonya vijana kuhusu kelele, jirani ana mgonjwa. Wameshangaa.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi simu imelia. Getruda.

"Fundi Polikarp, umekufa?"

"Nipo. Sina mwenyeji."

"Mbona mimi nina pahali na sina mgeni? Mama Justa amenicheka, anasema hakuna anayenitaka."

"Wewe si ungenifukuza safari ya kwanza?"

"Bado naweza. Njoo Jumamosi ijayo, magege wapo. Ukikosea nakwambia palepale, mbele za watu. Mimi vichwa sitoi. Vichwa nakula."

Nina miaka hamsini na minne, nitakuwa mgeni wa binti wa miaka thelathini. Lidwina amecheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Mvua zitaanza mwisho wa Novemba. Kuanzia leo ni wiki ishirini na saba. Msimu ujao safari zinaweza kufika kumi na mbili, na mbasa wa pili ana kichwa pia.

Vya kupakia Jumamosi:

Mshipi mpya, mita mia moja.
Vijiko vitano, vitatu vilivyofutwa kwa mchanga.
Kofia.
Wavu kwa ajili ya mzee Aloyce, hata kama amesahau.
Sukari kilo mbili kwa Mama Justa.
Turubai.
Nyundo, hapana.